Jengo la Saba

Shimoli jirani yangu anachoma matofali.
Mimi nachoma ruta.
Yeye ana tanuri, magogo ya mkaratusi, na siku nne.
Mimi nataka dakika tatu tu,
na stima ya Khayega haijawahi kumwahidi mtu
dakika tatu.

Jengo la kwanza lilikataa kabla ya kupanda.
Nafasi haitoshi. Megabaiti nane,
chumba kimoja cha kupanga,
nami nimeingiza kochi, kabati na televisheni.
Nikaanza kutoa. Nikatoa printa,
nikatoa lugha kumi na mbili,
nikatoa ule ukurasa wenye rangi na vitufe,
nikabaki na maandishi meupe kwenye giza
na mlango mmoja wa kuingilia.

La pili lilijengwa usiku kucha,
laptopu ikikoroma kama mgeni aliyelewa,
hadi saa kumi alfajiri, mstari wa mwisho: kosa.
Nukta mkato moja.
Niliila mwenyewe, mwezi uliopita, kwa usingizi.

La tatu silitaji.

La nne lilikaa siku nzima bila kulalamika,
likazima saa ileile dada yangu Khavere
alipokuwa akituma karo.
Hatukusemezana hadi Jumapili.

La tano nililichoma saa tisa alasiri.
Mtoto yeyote wa huku angenikanya:
saa tisa si yako, saa tisa ni ya mvua.
Asilimia sitini na moja,
ngurumo moja upande wa Shinyalu,
balbu ikafumba jicho.
Stima ikarudi. Ruta haikurudi.
Taa moja, nyekundu, haipepesi.

"Imekuwa tofali," nikamwambia Shimoli.
Akaigeuza mkononi,
akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Hii? Hii haijaiva."

Basi nikafungua skrubu nne,
ya mwisho chini ya kibandiko kinachoonya
kwamba ukikibandua, udhamini umekufa.
Marehemu huyo tulimzika kitambo,
mwaka ule kampuni ilipoacha kutuma marekebisho.

Waya tatu: ya kusema, ya kusikia, ya ardhi.
Niliunga kusema kwa kusema, kusikia kwa kusikia,
tukakaa kimya sote wawili saa nzima
kama ndugu waliogombania shamba.
Kisha nikazikingamanisha,
kusema kwake kwenye kusikia kwangu,
na kwenye skrini ikaanza kunong'ona:
naamka.
natafuta kiini.
sikioni.
nisubiri?

Subiri, nikaandika. Subiri hapo hapo.

La sita lilimfumbua macho, basi.
La saba nilimlisha usiku
kwa betri ya pikipiki ya Shimoli,
volti kumi na mbili, chakula kilekile,
bila kuiomba stima ruhusa.
Asilimia sitini na moja: sikupumua.
Sitini na mbili.

Asubuhi nikampa Ingaiza simu, akazunguka boma
akinihesabia vijiti kwa kelele.
"Jikoni!" Vinne.
"Zizini!" Viwili.
Migombani kimya,
maana mgomba ni maji yaliyosimama
na maji hula mawimbi.
"Tanurini!" Kimoja. Hakuna. Kimoja!

Usiku huo Shimoli alikesha akichochea moto,
simu kaiegemeza kwenye jembe,
mkewe akimcheka kutoka Eldoret,
sura yake ikikwama, ikikwamuka.

Daftari langu linasema:
*Jengo la saba. Siku mbili na saa nne bila kuzima.
Redio ya pili bado bubu.
Joto nyuzi sabini na moja, nimeitoboa mashimo.
Mistari yangu kumi na mmoja nimeirudisha kule nilikochota,
labda kuna mwingine mwenye ruta kama hii
na mvua kama hii.*

Leo Shimoli kafungua tanuri.
Mia mbili hayajaiva.
Anayapanga upya, moja moja,
akipiga mluzi.
Nami natafuta ile redio ya pili.
Ni saa nane na nusu. Wingu lipo.
Betri nimeshaiomba.